Askari wa Miguu na Mpagazi Wake: Ufipa na Vita Vitatu

Mtu atokaye Chanji, katika mji wa Sumbawanga, akielekea kusini-magharibi, hufika Kasanga penye Ziwa Tanganyika. Hapo Wadachi walijenga boma lao la Bismarckburg. Mwezi wa Juni 1916 jeshi la Waingereza lililotoka Rhodesia ya Kaskazini, baada ya kulizingira boma la Namema, liliwafuata Wadachi mpaka huko, nao wakatoroka kwa njia ya ziwa. Habari za siku zile zimeandikwa, lakini waandishi wamezitazama bunduki kuliko mizigo.

Askari wa Kidachi alichukua bunduki yake na risasi zake. Mwaka 1914 kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mwingi; kila afyatuaye alimwonyesha adui mahali alipo. Vitu vingine vyote, yaani chakula, mahema na masanduku ya risasi, vilikuwa kichwani mwa mpagazi. Naye mpagazi sharti ale. Basi kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo alivyokula sehemu kubwa zaidi ya kile alichotumwa kukifikisha. Upande wa Waingereza peke yake ulihesabu wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi. Von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, ndiyo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wapagazi wake walikuwa wengi kuliko askari.

Katika vita vya pili mambo yaligeuka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za Tanganyika, ilipita bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika, katika matope ambayo hata magari yalishindwa. Chakula kiliangushwa kwa ndege. Na katika vita vya Kagera, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, askari wengi walikuwa wamekwenda kwa miguu tangu mpakani, mzigo mgongoni. Malori, mengine yaliyochukuliwa kwa raia, yalileta shehena nyuma yao.

Lugha nayo ina ushahidi wake, ingawa haugawi haki sawasawa. Ombasha na shaushi, maneno ya Kituruki yaliyoletwa na askari walioandikwa Misri mwaka 1889, yalitoweka. Ndugu yao efendi angali hai, akiitwa afande. Kikosi cha wapagazi kimebaki katika jina la Kariakoo, na wanunuzi wa sokoni hapo hawalifikirii.

Walakini Mfipa aliyebeba mzigo mwaka 1916 hakuyasema mashaka yake kwa Kituruki wala kwa Kiingereza. Aliyasema kwa Kifipa, nyumbani, jioni. Walioyasikia maneno hayo kwake ni wajukuu, nao sasa ni wazee. Mtafiti wa lugha atakayekwenda Chanji au Kasanga kuyaandika aende mapema.