Uwanja Uliochelewa Kupewa Jina

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa State, mjini Ames, ulifunguliwa mwaka 1975. Wanafunzi walikwisha kulichagua jina lake, Jack Trice. Wakuu wa chuo hawakuwa na haraka hiyo. Wanafunzi wakaingia na kuhitimu, waliobaki wakarithi dai, na jambo lenyewe halikwisha hadi 1997.

Trice alizaliwa 1902 Hiram, Ohio, akasoma sekondari Cleveland, kisha mwaka 1922 akamfuata kocha wake, Sam Willaman, hadi Ames. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza Mweusi chuoni hapo. Alisomea ufugaji, akikusudia kwenda majimbo ya kusini kuwasaidia wakulima Weusi.

Oktoba 5, 1923, usiku wa kuamkia mechi na Chuo Kikuu cha Minnesota, alikaa hotelini Minneapolis akajiandikia barua. Alisema heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe ilikuwa hatarini, na kwamba angejitosa uwanjani bila kujihurumia. Barua hiyo husimuliwa kana kwamba inaishia hapo. Kumbe inaendelea na maagizo ya kazi tupu: kuinama chini, kuwa macho na hila za washambuliaji, kutozubaa hata dakika moja. Mimi hapo ndipo ninapomwona vizuri zaidi, kijana wa miaka 21 anayejua kwamba heshima hiyo itategemea pia miguu yake itasimama wapi.

Kesho yake aliumia mtulinga mapema, akakataa kutoka. Katika robo ya tatu alijitupa mbele ya washambuliaji, wakamkanyaga. Kama walikusudia au la, watu wanabishana hadi leo. Madaktari wa Minneapolis walimruhusu asafiri, akarudishwa kwa treni, na Oktoba 8 akafariki kwa kuvuja damu ndani. Watu wapatao 4,000 walihudhuria maziko yake chuoni. Barua, iliyokutwa katika koti lake, ilisomwa mbele yao na mkuu wa chuo, Raymond Pearson. Iowa State haikucheza tena na Minnesota hadi 1989.

Bamba la kumbukumbu lilitundikwa katika jumba la mazoezi, likasahauliwa. Miaka ya 1970 wanafunzi na walimu wachache walilifufua jina lake, na uwanja mpya ulipojengwa wakapata cha kudai.

Mtu angeweza kusema Trice aliichezea timu kubwa mechi mbili tu, na angesema kweli. Lakini wanafunzi hawakuwa wanahesabu pointi. Mwaka 1984 walipewa suluhu ya nusu: jengo likaitwa Cyclone, nyasi zikaitwa Jack Trice. Ni aina ya uamuzi unaotolewa na kikao kilichochoka. Serikali ya wanafunzi ikachangisha fedha za sanamu, ikasimikwa 1988. Miaka tisa baadaye jina lilipanda kutoka kwenye nyasi hadi kwenye jengo zima. Katika daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani, huo ndio uwanja wa kwanza kuitwa kwa jina la Mmarekani Mweusi.

Shahada ya ufugaji aliyoifuata Ames alitunukiwa mwaka 2022.