Dawa ya Josho na Utumbo wa Farasi

Katika Afrika Mashariki dawa za kuua kupe hutengenezwa na kuuzwa kwa kumfikiria ng'ombe, kwa kuwa ndiye anayeuawa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, na ndiye aliyechimbiwa josho tangu enzi za aseniki, kisha toksafeni, kisha dawa za jamii ya oganofosfati, hadi ilipofika zamu ya amitrazi na ya pairethroidi, jamii iliyobuniwa kwa kuiga sumu asilia ya ua la pareto. Farasi na punda wa shamba hilohilo huingizwa katika utaratibu huu kwa mlango wa nyuma: hupuliziwa kwa bomba lilelile, pengine kwa mchanganyiko uliobaki baada ya ng'ombe kuogeshwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba mnyama wa jamii ya farasi anapougua tumbo siku moja au mbili baada ya kupuliziwa, jina halisi la dawa iliyotumika ni sehemu ya uchunguzi wenyewe wa ugonjwa, kwani bila jina hilo hata tiba iliyozoeleka inaweza kumwongezea mnyama madhara.

Dawa inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni amitrazi. Ndani ya mwili wa kupe huvuruga vipokezi vya oktopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika mfumo wa fahamu wa wadudu na jamaa zao, hivyo kupe hushindwa kushika ngozi na kudondoka. Katika wanyama wanyonyeshao amitrazi huamsha vipokezi viitwavyo alfa-2, ambavyo kazi yao ni kupunguza msukumo wa mishipa ya fahamu. Mnyama husinzia, moyo hupiga polepole na utumbo hupunguza mwendo. Ng'ombe huvumilia vizuri kipimo cha kawaida, yaani mililita 2 za dawa yenye asilimia 12.5 ya amitrazi katika lita 1 ya maji. Farasi hana uvumilivu huo, na sababu moja kubwa imo katika umbo la utumbo wake.

Ng'ombe huchachusha majani katika tumbo la mbele na kuyacheua, ilhali farasi huyachachushia nyuma, katika utumbo kipofu na utumbo mpana, ambao umejikunja mara kadhaa na ambao kwenye kona ya nyonga njia yake hubanwa ghafla. Mwendo ukisimama, maji huendelea kufyonzwa kutoka katika majani yaliyolundikana, lundo hukauka na kuziba kona hiyo, na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, kilichoziba hakina njia nyingine ya kutokea. Anayeweka sikio ubavuni mwa farasi mzima husikia mngurumo usiokatika kwa muda mrefu. Kwa farasi aliyeathiriwa na amitrazi husikia kimya pande zote mbili, huku mnyama akiwa ameinamisha kichwa, mdomo wa chini umelegea, na kinyesi, kama kipo, ni vidonge vichache vigumu vilivyofunikwa na ute.

Madhara haya si dhana tupu. Mwaka 1979 jarida la Australian Veterinary Journal lilichapisha taarifa ya watafiti wa Australia kuhusu kuziba kwa utumbo mpana wa farasi kulikosababishwa na amitrazi. Ikumbukwe pia kwamba amitrazi iliyokwisha kuchanganywa na maji huvunjika, na kwa kasi zaidi maji yakiwa na asidi, na kwamba baadhi ya mazao ya uvunjikaji huo yana nguvu yake ya sumu, kwa hiyo mabaki yaliyolala ndani ya bomba hayapaswi kuhesabiwa kuwa dawa iliyopungua makali.

Uzito wa hoja unaonekana zaidi katika tiba. Dawa za oganofosfati huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, kwa hiyo mnyama hutokwa mate, hutetemeka misuli na kuharisha, na tiba yake ni atropini. Lakini atropini husimamisha utumbo wa farasi, na akipewa aliyeathiriwa na amitrazi, hufungwa kilichokwisha kufungika. Hatari nyingine imejificha ndani ya mkoba wa daktari wa mifugo mwenyewe, kwani zailazini, dawa ambayo hutumiwa sana kumtuliza farasi mwenye maumivu ya tumbo, huamsha vipokezi vilevile vya alfa-2. Daktari asiyeambiwa habari ya bomba huongeza, kwa nia njema kabisa, nguvu ya sumu ileile, wakati zipo dawa kama atipamezoli na yohimbini ambazo huvizuia vipokezi hivyo.

Ni kweli kwamba farasi huumwa tumbo kwa sababu nyingi, zikiwamo meno mabovu, uhaba wa maji, minyoo na mchanga uliomezwa, na kufuatana kwa matukio mawili hakuthibitishi kwamba la kwanza lilizaa la pili. Hata hivyo, wanyama kadhaa waliopuliziwa siku moja wanapougua pamoja, usingizi ukatangulia maumivu, na wenzao wasiopuliziwa wakabaki wazima, shaka huwa na uzito wa kutosha kuelekeza tiba na kuamuru ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Kipimo cha damu kinachoonyesha kolinesterasi ya kawaida kisichukuliwe kuwa kimeondoa shaka hiyo, kwa maana amitrazi haigusi kimeng'enya hicho.

Taarifa inayohitajika hupotea kwa urahisi mno. Dawa ya kupe ikigawiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, lebo yenye jina na maonyo hubaki dukani, na neno linalomfikia daktari ni "dawa ya josho" tu, ambalo laweza kumaanisha oganofosfati, amitrazi au pairethroidi. Kwa punda wa mkokoteni hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu punda huficha maumivu. Mara nyingi hajigaragazi wala kujipiga tumbo kama farasi, bali husimama tu mbele ya majani asiyoyagusa, na kabla ya sindano yoyote kuchomwa, anayepaswa kuulizwa ni yule kijana aliyeshika bomba.