Stempu Zilizozikwa Morogoro

Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yakiisogelea Reli ya Kati, Wajerumani walichimba shimo Morogoro wakafukia shehena ya stempu. Siku hizo askari wao walikuwa wakinywa dawa ya malaria iliyochemshwa kwa magome ya miti, na viatu vikishonwa kwa ngozi za wanyama wa porini. Hata hivyo alikuwapo mtu aliyepata nafasi ya kufikiria stempu.

Chanzo kilikuwa bahari. Stempu za koloni lao la Afrika Mashariki zilichapwa Berlin, zikiwa na picha ya Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaiser Wilhelm II. Picha hiyohiyo ilibandikwa kwenye barua za Togo, Kamerun na Samoa. Kilichobadilika ni jina la koloni tu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 manowari za Waingereza ziliziba pwani, na stempu zilizokuwapo ghalani zikaanza kwisha. Ndipo mtambo mdogo wa misheni kule Vuga, milima ya Usambara, ukapewa kazi ya kuchapa za dharura: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaingia kazini, Machi 1916, meli iliyoitwa Marie ikapenya kizuizi na kutia nanga ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi. Ilibeba silaha, risasi, dawa na, katikati ya shehena hiyo yote, stempu mpya kutoka Berlin. Stempu za Vuga zikakosa kazi. Zikafukiwa ili adui asizikute. Mwaka 1921 zilifukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, na zilizosalimika zikapelekwa Ujerumani kuuzwa kwa wakusanyaji.

Stempu hizo hazina uzuri wowote. Ukiziweka kando ya zile za Berlin utadhani ni tiketi za harambee ya kanisa. Lakini mkusanyaji mzoefu huwa haulizi kama stempu ni nzuri, wala haulizi sana umri wake. Stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, ilitoka Uingereza Mei 1840 na zilichapwa zaidi ya milioni 68. Mtu mwenye kipato cha kawaida bado anaweza kununua moja, hasa yenye kasoro kidogo. Swali la mkusanyaji ni hili: zilikuwa ngapi, na kwa nini zilipungua? Kwa swali hilo Afrika Mashariki ni shamba lenye rutuba, kwa sababu tulikuwa mbali na mitambo ya kuchapia, na karani wa posta hakuweza kumwambia mwenye barua angoje meli ijayo.

Mombasa mwaka 1891 ni mfano mzuri. Posta ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani na bara yake, na stempu zake zilikuwa na jua lililovikwa taji. Stempu za bei ndogo zilipokwisha, maofisa walichukua za bei nyingine, wakaandika thamani mpya kwa kalamu na kutia herufi za majina yao ili kuthibitisha. Zile zenye A.D. ni za Andrew Dick. Leo herufi hizo mbili zilizokwaruzwa kwa wino huchunguzwa chini ya kioo kama saini kwenye hati ya shamba, maana asiyeweza kughushi kalamu ya mtu ni nani?

Uganda walikwenda mbali zaidi. Machi 1895, pale Mengo, mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society alikuwa na kitu ambacho serikali ya himaya haikuwa nacho: taipureta. Akaombwa atengeneze stempu za posta ya ndani. Akazipiga moja moja, herufi U na G juu na namba ya bei katikati, kwenye karatasi nyembamba isiyo na gundi wala matundu. Bei zake zilianzia kauri 5 hadi 60, kwa hesabu ya kauri 200 kwa rupia 1, yaani simbi zilezile za baharini zilizokuwa fedha ya soko la Buganda. Aliyezihitaji alikata kwa mkasi na kutafuta gundi yake. Ukiishika mkononi, kama utaaminiwa kuishika, ni kikaratasi tu ambacho mtu angekitupa akifagia meza. Bei ya baadhi yake mnadani hupanda kuliko ya gari, na wajanja wenye taipureta kuukuu wamekuwa wakijaribu bahati yao kwa miaka mingi.

Zanzibar ilikuwa na kisa chake, nacho kilitokana na wingi wa wenye posta. Posta ya Wahindi, yaani ya serikali ya Uingereza kule India, ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa, ikarudi mwaka 1875. Wafaransa wakafungua yao Januari 1889. Wajerumani nao walifungua Agosti 1890 na kufunga Julai mwaka uliofuata. Kwa muda huo mfupi mfanyabiashara wa Mji Mkongwe aliweza kuchagua aitumie serikali gani kupeleka barua yake Bombay au Marseille. Mwaka 1897 Wafaransa waliishiwa. Karatasi za stempu zao zilikuwa na nafasi tupu katikati ya mafungu, zenye ukubwa wa stempu, ambazo kwa kawaida hutupwa. Wakazikata, wakazichapa bei na jina la posta, wakaziuza dirishani. Takataka za mtambo wa Paris zikawa miongoni mwa stempu zinazowindwa sana za bahari yetu.

Serikali ya Zanzibar ilipochukua posta yake tarehe 10 Novemba 1895, haikuwa na stempu zenye jina lake. Ilichukua za India zenye kichwa cha Victoria, na ofisi ya gazeti la Zanzibar Gazette ikapewa kazi ya kuchapa neno «Zanzibar» juu yake. Mpangaji herufi alikuwa na haraka, au taa ilikuwa hafifu. Zikatoka zenye «Zanzidar», zikatoka zenye «Zanibar». Kazi ambayo ingemletea fundi makaripio ndiyo leo inayowekewa ukurasa wa peke yake katika albamu. Mwaka uliofuata zikaja stempu kamili zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, zilizochapwa vizuri. Wapenzi wengi wa stempu huzipita upesi warudi kwenye makosa.

Kadi za posta zilifuata njia nyingine. Kadi ya kwanza rasmi ilitolewa Austria Oktoba 1869, tupu bila picha, kwa ajili ya mtu mwenye maneno machache. Picha zilipoingia, miaka ya 1890, dunia ikashikwa na homa ya kukusanya. Meli za abiria zilizotia nanga Zanzibar zilishusha watu waliotaka jambo moja kabla ya chakula cha jioni: kadi yenye picha ya mahali hapo, na muhuri wa mahali hapo. Waliowauzia walikuwa hasa wapiga picha wa Kigoa, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wenye studio mjini. Dar es Salaam alikuwapo Carl Vincenti, na Entebbe Alfred Lobo. Picha ilipigwa hapa, lakini mara nyingi kadi yenyewe ilichapwa Ulaya ikarudishwa kwa meli.

Kadi za kabla ya mwaka 1905 hivi zina alama yake. Upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, kwa hiyo mwandishi alibanana na picha: salamu zinapita juu ya paa la Beit el Ajaib, zinazunguka minazi, nyingine zinapanda mlingoti wa jahazi. Tena kuna zile ambazo stempu imebandikwa upande wa picha, si upande wa anwani. Aliyefanya hivyo hakukosea. Alikuwa mkusanyaji akimtumia mkusanyaji mwenziwe, ili picha, stempu na muhuri vionekane pamoja bila kugeuza kadi. Watu wasiojuana, mmoja Lyon na mwingine Zanzibar, walibadilishana hivyo miaka na miaka, na maneno yao hayazidi salamu na tarehe.

Kinachoniudhi katika kadi hizo ni maelezo yaliyo chini ya picha. Jengo lina jina lake, barabara ina jina lake, meli ina jina lake. Mwanamke aliyevaa kanga mbili na vipuli, aliyekaa studio akamtazama mpiga picha bila woga, ameandikwa «mrembo wa Kiswahili», basi. Kadi zake zimefika Ulaya nzima, zinauzwa hadi leo, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza anaitwa nani.

Turudi kwenye stempu, maana kuna mkusanyaji mmoja wa kutajwa. Mwaka 1904, mwana mrithi wa mfalme wa Uingereza alinunua mnadani stempu ya buluu ya Mauritius ya mwaka 1847 kwa pauni 1,450, fedha ambayo wakati ule ilinunua nyumba kadhaa. Mtu huyo alikuja kuwa George V. Stempu zilizotolewa kwa Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1922 zina kichwa chake, na zinapanda bei hadi stempu moja ya pauni 100. Hakuna barua iliyohitaji kiasi hicho. Ilikuwa ya kulipia ushuru wa hati za serikali. Lakini mkusanyaji aliyetaka seti kamili alilazimika kuinunua au kukubali nafasi tupu katika albamu, na naamini mfalme alielewa uchungu huo.

Mkusanyaji mwingine alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Farrokh Bulsara alikuwa mtoto wa karani wa fedha wa Mahakama Kuu, Bomi Bulsara, ambaye naye alipenda stempu. Kijana alisoma bweni India, na albamu yake ya utotoni ina stempu za Zanzibar, za nchi nyingine zilizotawaliwa na Uingereza, na za Ulaya Mashariki. Hakuzipanga kwa miaka wala kwa bei kama vitabu vinavyoelekeza. Alizipanga kwa rangi na umbo, kushoto kukilingana na kulia, kama anayetandika mkeka wa ukindu. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Baada ya kifo chake albamu ilinunuliwa na posta ya Uingereza, na sasa ipo katika Postal Museum ya London. Mwaka 1999 alitolewa kwenye stempu ya peni 19, na zikaja lawama: nyuma yake anaonekana mpiga ngoma Roger Taylor, aliye hai, ilhali desturi ya posta hiyo wakati ule ilikuwa kwamba mtu hai asiye wa ukoo wa kifalme hatokei kwenye stempu.

Familia ya Bulsara iliondoka Zanzibar mwaka 1964, mwaka ambao posta ya visiwa ilikuwa na shughuli kuliko wakati wowote. Stempu za kawaida zilizokuwa dirishani Januari zilikuwa bado na sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Mwanawe Jamshid alikuwa amepata tu zile za uhuru wa Desemba. Siku chache baada ya mapinduzi ya Januari hiyo, makarani waliletewa mihuri ya mkono ya «JAMHURI 1964» na kuanza kugonga, stempu baada ya stempu. Mkono huchoka. Kuna zilizogongwa kichwa chini, kuna zilizogongwa mara mbili, kuna ambazo wino umekauka hadi neno halisomeki. Baadaye kidogo zikaja zilizochapwa kwa mtambo London, nadhifu, na thamani yake ni ndogo.

Muungano ukaja Aprili. Julai mwaka huohuo zikatolewa stempu za kuusherehekea, zenye jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Ziliuzwa Bara tu, na Zanzibar barua yenye stempu hiyo haikukubaliwa. Visiwa viliendelea na stempu zake hadi mwisho wa mwaka 1967, ndipo zile za Tanzania zenye picha za samaki zikaenea kote.

Uhaba ulikoma baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na posta yake. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania, kama nchi nyingi maskini, ilitoa stempu kupitia mawakala wa ng'ambo: dinosaria, waimbaji wa Marekani, mbwa wa Ulaya, treni za nchi nyingine. Zilichapwa kwa ajili ya maduka ya wakusanyaji, na mkazi wa Shinyanga aliyekwenda posta alikuwa na bahati kuziona. Leo huuzwa kwa mafungu, kama dagaa.

Ila wakusanyaji wameanza kutafuta kitu kingine cha miaka hiyo: barua halisi, iliyoandikwa na mtu kwa shughuli zake, ikapelekwa posta ya wilaya ikiwa na stempu ya dinosaria juu yake, na muhuri wenye jina la mji na tarehe inayosomeka. Hizo ni chache sana, kwa sababu aliyepokea barua aliisoma, akachana bahasha na kuwashia jiko.