Nani Amekaa kwa Bodi?

Skiza. Picha za kambi za vijana ni zile zile. Hema, moto, mlima, watoto wa shule wamekumbatiana juu ya jiwe kubwa, jua linazama nyuma yao. Kenye huwezi ona kwa hizo picha ni wale watu walioamua hiyo kambi iko ya nini. Bodi. Wadhamini. Mlezi mwenye jina zito. Nimekuwa nikisoma historia ya hao watu kwa miezi kadhaa (niliacha chuo, sikuacha kusoma, na tusianze hiyo stori leo), na wasee, hapo ndipo mambo yote hupikwa.

Anza na Kurt Hahn. Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, alizaliwa Berlin mwaka 1886. Mwaka 1920 yeye na Prince Max wa Baden walifungua shule huko Salem, kusini mwa Ujerumani. Hahn alikuwa mwalimu wa kuamini kwamba kijana hafunzwi tabia kwa kukalishwa darasani. Mpeleke nje, mpe kazi ambayo wenzake wanaitegemea, umwone vile atakuwa.

Sasa mwaka 1932, watu wa Hitler waliua mtu katika kijiji cha Potempa, mbele ya mamake. Wakahukumiwa. Hitler naye akawatumia ujumbe wa kuwaunga mkono. Hahn angenyamaza tu kama walimu wengine, maana alikuwa na shule ya kulinda. Badala yake aliwaandikia wanafunzi wa zamani wa Salem: kama uko kwa vikundi vya Hitler, chagua, ama yeye ama sisi. Mwaka 1933 akatupwa ndani. Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, aliingilia kati ndiyo akaachiliwa, akakimbilia Uingereza.

Hapa ndipo mimi hukwama kila nikisoma. Kwa sababu Vijana wa Hitler pia walikuwa na kambi. Walikuwa na hema, safari za miguu, nyimbo kando ya moto, urafiki wa kufa na kupona. Mwaka 1936 sheria ikakifanya kile chama kuwa chama cha vijana cha taifa lote, na kufikia 1939 kujiunga ilikuwa lazima. Ukiweka picha ya kambi yao kando ya picha ya kambi nyingine yoyote ya wakati huo, ukafunika bendera, utapata shida kuzitofautisha. Mlima ni ule ule. Kijana ni yule yule wa miaka 15 anayetaka kuonekana na kuwa mahali. Anayebadilika ni mtu mzima aliyesimama nyuma akisema tunaelekea wapi.

Basi Hahn akaanza upya Scotland. Mwaka 1934 alifungua shule ya Gordonstoun, na mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Prince Philip, yule aliyekuja kumuoa Malkia Elizabeth. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Vita vikaja. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo za Uingereza, na mzee mmoja wa Liverpool, Lawrence Holt, mkubwa katika kampuni ya meli ya Blue Funnel, alikuwa na jambo linamsumbua: aliona kwamba kwa mashua za kuokolea maisha, vijana wenye nguvu walikuwa wanakufa huku mabaharia wazee wakipona. Hahn alikuwa na wazo lakini mfuko umetoboka. Holt alikuwa na ganji na uchungu. Mwaka 1941 wakafungua shule Aberdovey, pwani ya Wales, kozi ya kama mwezi mmoja hivi, vijana wa meli wamechanganywa na wa viwandani na wa shule za matajiri.

Jina wakaita Outward Bound, maneno ya mabaharia kwa meli inayotoka bandarini kuelekea mbali. Hahn hakulipenda hilo jina. Holt alilitaka. Limebaki hadi leo, kwa hivyo unaweza kujua mwenyewe nani alikuwa na sauti kwa ile meza. Na sisemi Holt alikuwa mbaya, hapana. Alitaka mabaharia wake warudi nyumbani. Hahn alitaka kizazi ambacho hakitafuata dikteta. Hizo ni sababu mbili tofauti, na zikilipiwa na mfuko mmoja, mwenye mfuko husikika kwanza. Wasichana, kwa mfano, walingoja miaka 10 ndipo wakapata kozi yao ya kwanza. Hiyo pia ni bodi.

Kwetu ilifika mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulifunguliwa shule ya Outward Bound pale Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wetu wa mpaka, kwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Angalia tarehe. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kuna vijana walikuwa wanafunzwa uongozi kwa mlima, na wengine wa rika lao walikuwa wanawindwa kwa mlima mwingine. Walioamua Mwafrika kijana anahitaji uongozi wa aina gani hawakuwa wanapigiwa kura na babu yako. Lakini ile shule ilizidi nia ya walioianzisha: mwaka 1969 vijana vipofu wa Afrika Mashariki walijiandaa hapo na kuupanda Kilimanjaro.

Na yule Prince Philip? Mwaka 1956 alianzisha tuzo yake ya vijana, na mwalimu wake Hahn alikuwa nyuma ya wazo. Mwaka 1966 ikaja Kenya kama President's Award. Kama ulipitia sekondari huku unaijua: shaba, fedha, dhahabu, kitabu cha kusainiwa, safari ya miguu na malengelenge. Mzee aliyefungwa na Hitler ndiye babu wa zile malengelenge zako. Mlezi wake ni Rais, jina lenyewe linasema.

Ndiyo maana napenda mwaka 1968 zaidi. Hapo wanafunzi wa Kenya wenyewe ndio walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, ya kwanza ya aina yake Afrika. Hakuna mwana wa mfalme, hakuna mwenye meli. Watoto wa shule tu.

Juzi nilijitolea kwa shirika moja la kambi, silitaji. Kwa kikao cha bodi nilihesabu watu 9. Nikauliza nani kati yao amelala kwa hema letu hata usiku mmoja. Mwenyekiti akaniambia, "Kijana, hiyo si ajenda ya leo." Nimewaandikia barua niombe iwe ajenda ya kikao kijacho, na nimeomba viti 2 vya watu walio chini ya miaka 25. Kikao ni mwezi ujao.