Windows ya kukraki na Linux: ulinganisho kutoka Mtwara

Nilikuwa nasubiri kuprinti kwenye steshenari moja ya Mtwara mjini alipoingia mwanafunzi wa chuo, flashi mkononi, uso umemshuka. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa humo na kesho yake ilitakiwa. Kompyuta ya duka, yenye Windows, ilionyesha kitu kimoja tu: njia ya mkato ya KB 1, yenye jina la flashi yenyewe. "Pole mdogo wangu," dada wa duka akamwambia, "virusi vimekula."

Nilikuwa na kompyuta mpakato yangu yenye Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Tukachomeka flashi. Ikatokea folda isiyo na jina, na ndani yake ripoti, picha, kila kitu. Virusi havikuwa vimekula chochote. Vilikuwa vimehamishia mafaili kwenye folda iliyofichwa, na Linux haiifuati alama ya kuficha inayotumiwa na Windows. Ile njia ya mkato nayo, ambayo ukiibofya kwenye Windows inaamsha virusi, kwenye Linux haifanyi lolote.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi: basi sote tuhamie Linux? Kwanza tujue tunalinganisha nini. Vitabuni hulinganishwa Windows ya kulipia na Linux ya bure. Kwenye mitaa yetu mara nyingi mteja halipii leseni hata shilingi. Analipa ujira wa fundi wa "kupiga window", yaani kuweka Windows upya. Kwa hiyo mizani yetu ina Windows ya kukraki upande mmoja, na Linux ya halali upande wa pili.

Kutoka Msangamkuu hadi Msimbati, ngalawa huundwa mchana kweupe, chini ya mti, watoto wakitazama. Ikivuja, mwenyewe anaivuta ufukweni na kuiziba. Linux imekua kwa mapokeo ya namna hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliuweka hadharani msimbo wake, na tangu hapo kila fundi duniani anaweza kuusoma na kuurekebisha. Windows, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1985, ni kama mashine ya boti: inakuja imefungwa, inaenda vizuri, na ikiharibika unamrudia aliyeiuza. Sioni ubaya wa kununua mashine. Ubaya ni kuwa na mashine isiyo na risiti, kwa sababu siku ikizima katikati ya maji huna wa kumrudia.

Na Windows ya kukraki huzima. Ili kraki iishi, mara nyingi fundi hulazimika kuzima ulinzi wa ndani na kufunga masasisho. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliteka kompyuta katika nchi nyingi duniani, ilhali Microsoft walikuwa wametoa dawa yake tangu Machi. Waliofunga masasisho hawakuipata. Sasa limeongezeka tatizo jingine: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama ambacho kompyuta nyingi za mitumba hazina. Mashine hizo hizo zinaendesha Linux Mint bila kuhema.

Lakini nisiisifu kupita kiasi. Mwaka 2024 kulikutwa mlango wa siri uliopenyezwa ndani ya xz, programu ndogo inayotumika kwenye Linux nyingi. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa nusu sekunde. Uwazi ndio uliomwezesha kufuatilia hadi mwisho. Uwazi huo huo ndio uliomruhusu mhalifu kujitolea kama fundi na kuaminiwa.

Basi Linux inamfaa nani? Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayeandika barua na kupanga kilo za wakulima kwenye majedwali, Linux inamtosha. Minada ya korosho siku hizi inapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na kazi ya mtandaoni kwa kawaida haijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Mwanafunzi naye inamtosha, ila ajue kwamba fonti ya Calibri huwa haimo na majedwali ya Word huweza kusogea, kwa hiyo atume PDF. Mchora kadi za harusi aliyezoea Photoshop abaki alipo, na mchora ramani za nyumba kwa AutoCAD vivyo hivyo. Kumhamisha mtu anayelisha watoto kwa programu moja ni kumdhulumu. Mwenye steshenari asikurupuke: baadhi ya printa za Canon zinasumbua sana kwenye Linux, na printa ndiyo duka lenyewe.

Lugha inaniuma zaidi. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kamili. Microsoft nao baadaye walitoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Ingia steshenari yoyote leo: wanasema folda na kusevu, na skrini iko kwa Kiingereza. Tafsiri tulipata, waliokosekana ni mafundi wa kuiweka na kuitetea. Hapa Mtwara pengo hilo linaonekana haraka, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma, kule Palma, Msumbiji, lugha ya ofisi ni Kireno. Kwenye Linux, kompyuta moja inaweza kumpa mmoja Kireno na mwingine Kiingereza, kila mtu kwenye akaunti yake, bila leseni ya ziada. Kiswahili nacho kingekaa hapo, kama vyuo vyetu vingewapa wanafunzi wa kompyuta kazi ya kukitafsiri.

Kabla hujapigiwa window tena, mwombe fundi akuwashie Linux kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Chomeka printa yako, fungua faili lako la kazi, printi ukurasa mmoja. Ukurasa ukitoka sawasawa, hamia. Printa ikikataa, baki ulipo, na ununue leseni.