Kongo kwenye afishi: namna sinema iliuza jina letu pamoja na mwili wa mwanamke

Leo naleta historia ambayo mimi sikuwahi kuisikia darasani, ingawa inatuhusu sisi watu wa Ituri moja kwa moja.

Mbinu yenyewe kila mtu anaijua. Filme ikiwa haina nguvu, weka kwenye afishi mwanamke mzuri aliyevaa nusu, watu watalipa. Pita mbele ya nyumba za video hapa Bunia, au fungua YouTube kwenye simu yako, utaona. Mara nyingi ile picha haimo hata ndani ya filme. Wazee wanasema ni tabia iliyoingia na intaneti. Wengine wanasema ni wazungu wametuletea, sisi hatukuwa hivyo. Nimesoma kidogo juu ya jambo hili, na nimekuta kitu cha kushangaza: karibu miaka mia iliyopita, mbinu hii ilikuwa inatumia jina letu sisi. Kongo ndiyo ilikuwa kisingizio.

Mwaka 1930 kampuni moja ya Marekani iliyojiita Congo Pictures ilitoa filme yenye jina Ingagi. Jina hilo si geni kwetu. Kwa Kinyarwanda, ingagi ni gorila, na ndugu zetu wa Kivu wanasema ngagi. Kampuni ilitangaza kwamba hii ni filme ya kweli kabisa, iliyopigwa na mtafiti Mwingereza, Sir Hubert Winstead, katika safari yake ya Kongo ya Wabelgiji mwaka 1926. Watu waliahidiwa kuona kabila linalotoa mwanamke kama sadaka kwa gorila. Wakaonyeshwa wanawake weusi karibu uchi msituni, gorila anatokea, anamchukua mmoja. Filme ikadokeza hata kwamba kuna viumbe nusu mtu nusu mnyama waliozaliwa huko.

Sasa sikieni ukweli. Huyo Sir Hubert hakuwahi kuwepo. Wale wanawake walikuwa waigizaji weusi wa Los Angeles. Wale "mbilikimo" walikuwa watoto wa mji huo huo. Gorila alikuwa mtu, Charles Gemora, mzaliwa wa Ufilipino, fundi wa kuvaa ngozi ya gorila katika sinema za Hollywood. Kulikuwa hata na mnyama "mpya" mwenye sumu, eti amegunduliwa kwetu. Alikuwa kobe aliyebandikwa mabawa, magamba na mkia. Picha nyingine za Afrika zilichotwa katika filme ya zamani ya 1915.

Mwaka 1926 kweli kulikuwa na safari ya kutafuta gorila Kongo. Mmarekani Carl Akeley alikuja, na akafariki Novemba mwaka huo kwenye mlima Mikeno, ndani ya Parc Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Akeley alikuwa amewaona gorila wa kweli, na aliandika kwamba ni mnyama mpole asiyetafuta ugomvi na mtu. Lakini nani atalipa tiketi kuangalia gorila anayekula majani?

Ingagi ilijaza kumbi. San Francisco watu walipanga foleni, kisha kumbi za kampuni kubwa ya RKO zikaichukua. Wataalamu wa wanyama wakalalamika, mmoja wa wale "wanawake wa msituni" akatambuliwa kuwa mwigizaji wa Hollywood, Gemora mwenyewe akakiri kwa maandishi kwamba gorila alikuwa yeye. Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliamuru filme isitangazwe tena kama ya kweli. Lakini pesa ilikuwa imekwisha kuingia mfukoni.

Mimi nilijiuliza: kwa nini Kongo? Kama ni mwanamke uchi tu, si wangepiga filme ya mwanamke uchi mjini kwao, bila kujisumbua na kobe na ngozi ya gorila?

Jibu liko kwenye sheria zao. Mwaka huo huo wa 1930 makampuni ya Hollywood yalikubali kanuni ya maadili iliyokataza uchi, na kuanzia 1934 ilitekelezwa kwa ukali. Hata kabla yake, miji na majimbo mengi yalikuwa na watu wa kukata filme. Mwili wa mwanamke mzungu haukupita. Lakini mwili wa mwanamke mweusi msituni ulipita, kwa sababu uliitwa elimu. Baadaye kanuni yenyewe iliongezewa kipengele kinachoruhusu picha za "wenyeji" katika nchi zao, kama ni filme inayoonyesha maisha yao. Yaani uchi wa mzungu uliitwa dhambi, na wa kwetu ukaitwa jiografia. Mfanyabiashara mwerevu aliona mlango huo akapita. Neno "Kongo" kwenye afishi lilikuwa ruhusa: ingia, hapa utaona kile ambacho kwingine kimekatazwa, na ukitoka utasema umejifunza.

Mlango huo ulipitisha hata wanawake wazungu. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilileta kikundi kikubwa Afrika Mashariki kupiga filme Trader Horn. Walipita Mombasa, wakafika hadi Murchison Falls, Uganda. Murchison ni jirani yetu: maji yale yanashuka mpaka Ziwa Albert, ziwa letu la Kasenyi na Mahagi. Katika hadithi yao kuna msichana mzungu aliyepotea akiwa mtoto, akakua kati ya Waafrika na kuwa "mungu wa kike" wao. Kwa kuwa alikulia Afrika, akavalishwa nguo kidogo sana. Unaona mantiki? Afrika ndiyo iliyomvua nguo, si kampuni.

Msichana huyo alikuwa Edwina Booth. Alifanya kazi ile miezi mingi kwenye jua letu la ikweta, nguo hana. Akaugua vibaya. Filme ilipotoka 1931 ilifanikiwa sana, ikashindania hata Oscar ya filme bora. Edwina naye akalala kitandani miaka. Alishitaki MGM akidai zaidi ya dola milioni moja, wakamalizana nje ya mahakama. Kazi yake ya sinema ilikwisha mapema, ingawa aliishi hadi 1991. Yeye alikuwa na ngozi nyeupe na mwanasheria. Wale wanawake wa Ingagi hawakuwa na hata majina yao kwenye afishi.

Sasa tufike nyumbani kabisa. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, walikuja Kongo wakati huo huo, wakapiga kambi katika msitu wa Ituri. Filme yao ilitoka 1932, ikaitwa Congorilla. Hii haikuwa uongo kama Ingagi. Wambuti walikuwa Wambuti wa kweli, gorila walikuwa wa kweli. Waliondoka hata na gorila wawili vijana, wakaishia kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, na mmoja aliitwa Ngagi.

Lakini angalia filme ilivyouzwa. Osa alikuwa mrembo, na urembo wake ulikuwa sehemu ya biashara: mwanamke mzungu aliyependeza, kaptura na bunduki, katikati ya "pori". Kuna mahali anawapigia Wambuti muziki wa jazi na kucheza nao, ili watu wa New York wacheke. Wambuti wanaonyeshwa kama watoto wadogo wasiojua kitu. Hawa ni watu wanaojua msitu ule mti kwa mti! Osa hakuvuliwa nguo, ni kweli. Lakini uzuri wake uling'aa kwa sababu wengine walifanywa kichekesho. Hiyo pia ni njia ya kuuza.

Mwaka uliofuata, 1933, RKO, wale wale waliofaidika na Ingagi, wakatoa King Kong. Kisiwa ni cha kubuni, mbali na Afrika, lakini gorila anayemtamani mwanamke ni yule yule. Safari hii mwanamke ni Fay Wray, mzungu, na kuna mahali gorila anamvua nguo kipande kwa kipande. Filme ilipoonyeshwa upya 1938, sehemu hiyo ilikatwa. Ulimwengu mzima unaijua King Kong. Ni wachache wanaojua kwamba kabla yake kulikuwa na uongo uliobandikwa jina la Kongo.

Wakati huo wote, sisi tulikuwa wapi? Hapa ndipo historia inaniuma. Mwaka 1945 serikali ya Wabelgiji ilikataza kuonyesha Wakongomani filme isipokuwa zile zilizopitishwa na tume yake. Waliogopa nini? Pamoja na siasa, waliogopa Mkongomani amwone mwanamke mzungu akibusiwa, heshima ya mzungu itashuka. Kwa hiyo wapadri wakatutengenezea filme zetu. Padri Van den Heuvel Léopoldville, padri Van Haelst Luluabourg na vichekesho vyake vya Matamata na Pilipili. Filme za adabu, mtu mzima akifundishwa kama mtoto.

Weka mambo haya mawili pamoja. Mmarekani aliruhusiwa kuangalia mwili wa "mwanamke wa Kongo", hata kama ni wa uongo. Mkongomani hakuruhusiwa kuangalia mwanamke mzungu, hata akiwa amevaa. Kumbe haya hayakuwa maadili. Kilichoamuliwa ni nani anaangalia, nani anaangaliwa, na pesa inaenda wapi.

Ndiyo maana nataka tuongee juu ya Viva Riva! ya ndugu yetu Djo Tunda Wa Munga, mzaliwa wa Kinshasa. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2010, na 2011 ikachukua tuzo sita za African Movie Academy, pamoja na ya filme bora. Hadithi ni ya Riva, anayerudi Kinshasa na petroli ya magendo kutoka Angola wakati mji umekauka. Sisi wa Bunia tunaelewa vizuri kukauka kwa petroli. Anampenda Nora, mwanamke wa bosi wa wahalifu. Kuna mapenzi waziwazi, na hayo yalisaidia kuipeleka filme mbali. Wengi walichukia: mbona Kongo inaonyeshwa hivi?

Mimi naona tofauti kubwa na ile ya 1930. Nora ana jina, ana mji, ana hamu na hesabu zake mwenyewe. Anaongea, na aliyeandika ni Mkongomani. Hakuna msitu wa kusingizia. Lakini sitaki kudanganya: mle ndani pia wanawake wanapigwa na kudhalilishwa, na mwili unauza tiketi kama zamani. Mkongomani kushika kamera ni hatua, lakini haimalizi swali. La Vie est Belle ya 1987, na Papa Wemba, ilipendwa na watu kwa muziki na kicheko. Njia nyingine ipo.

Kwa nini nawaambia haya ninyi wahitimu? Kwa sababu wengi wetu sasa tunapiga video: filme fupi, klipu za wanamuziki, matangazo. Sisi ndio tunachagua picha ya afishi. Namjua dada mmoja wa promosheni yetu aliyecheza filme fupi ya vijana, akiwa muuguzi. Kuna sehemu moja anatoka kuoga, sekunde chache tu, kitenge kifuani. Afishi ilipotoka, ile ndiyo picha waliyochagua. Hawakumuuliza, hawakumwongezea hata franga. Ikazunguka kwenye simu za mji mzima, na mjomba wake akamwita kumhoji kana kwamba ameiba. Waliotengeneza afishi ni watu wema, watu wa masomo. Walisema tu: "Dada, ni biashara, usikasirike."

Ni maneno ambayo hata Congo Pictures wangeweza kusema.

Mimi sisemi tufunike kila kitu. Mapenzi ni sehemu ya maisha, uzuri ni zawadi, na filme isiyokuwa na hamu ndani yake inachosha. Nasema tuulize maswali matatu kabla ya kubandika afishi. Huyu mtu kwenye picha amekubali picha hii, si filme tu? Picha hii imo kweli ndani ya hadithi, ama tunauza kobe wa mabawa? Na pesa ikiingia, yeye anapata sehemu gani?

Edwina Booth aliuliza swali la tatu akiwa kitandani, baada ya kupoteza afya. Wanawake wa Ingagi hawakupata hata nafasi ya kuuliza. Dada zetu wana nafasi hiyo leo, kama sisi tunaoshika kamera tutakubali kusikiliza kabla afishi haijatoka.

Nawaachia neno. Ninyi mliokwisha kutengeneza afishi, mlichaguaje picha?