Ayub Ogada: Mwanaroki aliyegeukia nyatiti

EMALI ni mji wa wapitaji. Malori ya kwenda na kutoka Mombasa hutua hapa, barabara ya Loitokitok huchepuka hapa, na tangu mwaka wa 2017 treni ya reli mpya husimama hapa pia. Muziki wa gitaa wa Wakamba, uliopaliliwa miaka ya 1970 na 1980 na marehemu Kakai Kilonzo na wenzake wa Kilimambogo Brothers, una mizizi yake katika benga. Nayo benga ilizaliwa pale vijana wa Kiluo walipohamishia kwenye gitaa udonoaji wa nyuzi walioujua katika nyatiti. Ayub Ogada aliipita njia hiyo kinyumenyume. Alianza katika bendi ya magitaa ya umeme, kisha akaiendea nyatiti yenyewe.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956 na kuitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na akiwa mtoto familia ilihamia Chicago, Marekani, baba alikokuwa akisomea udaktari. Mtoto aliyeijua ngoma ya Kiluo nyumbani akakutana ugenini na muziki wa Wamarekani Weusi, na waliporejea Kenya alikuwa na masikio mawili, kila moja na dunia yake.

Miaka ya 1970 alijiunga na Black Savage, kundi la vijana wa Nairobi waliopiga roki bila kuomba radhi, wakati ambapo baa nyingi za jiji zilitaka rumba ya Kongo au nyimbo za kuiga za Uingereza. Katika kundi hilo ndimo ulimorekodiwa mara ya kwanza wimbo "Kothbiro". Mnamo 1979 alishiriki kuunda African Heritage Band, iliyofungamana na jumba la sanaa la Alan Donovan na Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais. Humo majaribio yalikolea: ala za asili zilikaa jukwaani bega kwa bega na gitaa la umeme, wala si kama mapambo ya kufurahisha watalii. Wapo waliofika kwake kupitia sinema, kwani kwa jina la Job Seda aliigiza katika filamu ya "Out of Africa" ya 1985.

Mwaka wa 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga muziki mitaani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, wapita njia wakimtupia sarafu, hadi alipoalikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka wa 1988. Tamasha hilo lina mkono wa Peter Gabriel, mwanaroki wa majaribio ambaye naye alikuwa akitafuta sauti nje ya mipaka ya roki. Ogada alizuru naye, na mwaka wa 1993 kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu "En Mana Kuoyo", yaani ni mchanga tu.

Ni kazi ya kustaajabisha kwa uchache wake. Nyatiti ina nyuzi nane. Kwa desturi mpigaji huketi kigodani akiwa na pete ya chuma kidoleni mwa mguu, ambayo huigonga nayo ala ili kuweka mapigo, huku njuga zikilia mguuni. Kwa kawaida ni ala ya kusifia watu na kuomboleza, yenye sauti ya kukwaruza. Ogada aliipunguza kasi, akaimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, akauacha ukimya ufanye kazi yake. Mwandishi huyu anauona ujasiri mkubwa zaidi hapo kuliko katika kelele zote za roki.

"Kothbiro", aliourekodi upya katika albamu hiyo, maana yake ni mvua inakuja, nao ni wito wa kurudisha ng'ombe nyumbani. Mfugaji wa Emali, ambako mawingu hutazamwa kwa wasiwasi kila Oktoba, angeuelewa akifasiriwa neno moja tu. Sauti ya wimbo huo ilisikika katika filamu ya "The Constant Gardener" ya 2005. Mwaka wa 2018, Kanye West alitumia kipande cha rekodi ya Black Savage katika wimbo wake "Yikes", na majina ya Ogada na James Mbarack Achieng yakaingia katika orodha ya watunzi.

Ogada alirejea Kenya mwaka wa 2007, akatoa albamu "Kodhi" mwaka wa 2015 pamoja na mpiga gitaa Trevor Warren, na kufariki nyumbani kwake Nyahera, Kisumu, Februari 1, 2019.

Imebaki hesabu moja ambayo mashabiki hawaizungumzii. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Hivyo haki za warithi wa Ogada zitadumu hadi mwisho wa 2069. Rekodi, hata hivyo, hulindwa kwa miaka 50 tu tangu mwaka iliporekodiwa. Zile za katikati ya miaka ya 1970, za roki na za benga, zinafikia ukomo wake sasa hivi.